Mvua Iliyonyesha Pasipo Mtu

Usiku wa tarehe 25 Mei 2018, kimbunga kilichopewa jina la Mekunu kilitua karibu na Salalah, mji mkuu wa jimbo la Dhofar, kusini mwa Oman. Katika saa 24 mji huo ulipata zaidi ya milimita 270 za mvua, zaidi ya maradufu ya kile unachopata katika mwaka mzima wa kawaida. Barabara zilikatika, magari yakaelea, watu wakafa, Oman na hata zaidi katika kisiwa cha Socotra, ambacho kimbunga kilikipitia kwanza. Waandishi wa habari walikaa Salalah siku mbili tatu, wakapiga picha za minazi iliyolala (naam, Salalah ina minazi, na mtu wa Mombasa akishuka hapo hahisi ugeni sana), kisha wakaondoka.

Mvua yenyewe ilikuwa imeshapita mji. Ilivuka milima iliyo nyuma ya Salalah, ikaingia bara, radi zikapiga juu ya mchanga ambako hakuna nyumba, hakuna kipimamvua, hakuna mtu wa kusema kimenyesha kiasi gani. Maji yalituama kati ya vilima vya mchanga, na picha za setilaiti zikaonyesha maziwa mahali ambapo ramani huachwa rangi moja ya manjano.

Nimekuwa nikiifuatilia mvua hiyo katika ripoti, ramani na maandishi ya wasafiri wa zamani, kwa sababu nimefika mahali pa kuamini kwamba ndiyo mvua iliyotugusa zaidi Afrika Mashariki katika miaka ya karibuni, ingawa kwetu halikudondoka hata tone lake. Labda natia chumvi. Msomaji ataamua mwenyewe.

Kwa Kiswahili habari hii ni ngumu hata kuisema. Neno letu kiangazi lina ukame ndani yake tayari: ni wakati wa jua, wa vumbi, wa visima kushuka. Ukisema mvua kubwa ya kiangazi, msikilizaji anadhani umechanganya majira. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Mwisho wa Mei kule ni mwanzo wa joto kali, na bara la Dhofar hakuna anayengoja mvua wakati huo.

Pwani yake ni habari nyingine. Kusi ile ile inayovuma kwetu, iliyokuwa ikivirudisha vyombo Arabuni kutoka Zanzibar na Lamu, ikifika Dhofar huleta ukungu na manyunyu. Wenyeji huuita msimu huo kharif. Kati ya Juni na Septemba milima inayotazama bahari huwa kijani, na watu wa Ghuba humiminika huko kukimbia joto la miji yao. Ila ukungu huo hauvuki milima. Upande wa pili ni mkavu, na ndiko miti ya ubani inakostawi, ubani ambao kwa karne nyingi umefukizwa katika nyumba za pwani yetu. Ukiendelea kaskazini kutoka hapo, miti nayo inakwisha. Unaanza mchanga wa Rub' al-Khali.

Jina hilo Mswahili anaweza kulifasiri bila kamusi, angalau nusu yake. Rub' ni robo, neno tulilolichukua kutoka Kiarabu. Khali ni tupu. Robo Tupu. Ni jangwa la kilomita za mraba zipatazo 650,000, kubwa kuliko Kenya nzima, na limegawanywa kati ya Saudi Arabia, Oman, Yemen na Umoja wa Falme za Kiarabu. Sehemu kubwa yake haipati hata milimita 50 za mvua kwa mwaka, na zipo sehemu ambazo miaka hupita bila mvua ya maana. Neno tupu, hata hivyo, ni la watu waliolitazama kutoka nje. Mabedui waliochunga ngamia humo waliliita tu er-Rimal, yaani mchanga, na kitu cha kwanza walichoulizana walipokutana kilikuwa habari: nani yuko wapi, na mvua imenyesha wapi. Walikuwa na haki ya kuuliza. Mvua moja nzuri katika mchanga huo yaweza kuotesha mimea inayobaki kijani kwa miaka kadhaa, na anayejua ilikonyesha ndiye ambaye ngamia wake watapona.

Dhoruba kubwa si jambo jipya katika nchi hizo. Tarehe 5 Juni 1890, wakati Sayyid Faisal bin Turki alipokuwa anatawala Muscat, kimbunga kilimwaga zaidi ya milimita 280 katika mji huo kwa siku moja, na waliokufa, mjini na vijijini, walipita 700. Tarehe hiyo hiyo ya mwezi, mwaka 2007, kimbunga Gonu kilifika pwani ya Oman. Mabonde makavu ambayo katika miaka mia ile yalikuwa yamejengwa barabara, maduka na mitaa, ikiwemo mitaa ambayo Kiswahili husikika dukani na msikitini, yalirudi kuwa mito. Watu wapatao 50 walifariki Oman. Tunazo hesabu hizo kwa sababu mvua iliwanyeshea watu. Kulikuwa na mjumbe wa Uingereza wa kuandika ripoti mwaka 1890, na kamera za simu mwaka 2007. Mvua inayopita juu ya watu na kwenda kumwagika bara, huko ambako waandishi hawafiki, haiachi karatasi yoyote.

Lakini kulikuwa na wakati mtu aliajiriwa kwenda kuitafuta.

Mwaka 1945 Wilfred Thesiger, Mwingereza aliyezaliwa Addis Ababa, alikubali kazi katika kitengo cha Waingereza cha kupambana na nzige Mashariki ya Kati. Kitengo hicho kilikuwa zao la vita. Nzige walikuwa wametanda kuanzia India hadi Afrika, na serikali zilizokuwa zinapigana ziliogopa kwamba kile ambacho bomu halikuharibu shambani kingeliwa na mdudu. Nyuma ya kitengo hicho kulikuwa na mawazo ya mtu mmoja aliyekaa London, Boris Uvarov, mtaalamu wa wadudu aliyezaliwa katika himaya ya Urusi.

Mwaka 1921 Uvarov alikuwa ametoa hoja iliyoonekana kama kichekesho: kwamba panzi fulani wa kawaida, mpweke, mwenye haya, na nzige anayeruka kwa makundi na kufunika jua, walioandikwa vitabuni kama wadudu wawili tofauti, ni mdudu mmoja. Akiwa peke yake ana rangi ya mazingira yake na huruka usiku. Akibanwa na wenzake, hubadilika. Hubadilika rangi, tabia, mpaka umbo, na watoto wake huzaliwa tayari wakiwa wamebadilika. Hoja hiyo aliitoa kwa jamii nyingine ya nzige, lakini ikaja kuthibitika hata kwa nzige wa jangwani. Mwaka 2009 watafiti wa Uingereza na Australia walionyesha kwamba kinachogeuza tabia hiyo ni serotonini, kemikali ile ile ambayo ubongo wa binadamu huitumia. Kinachoiwasha ni pamoja na kuguswaguswa miguu ya nyuma katika msongamano. Kila nikipanda matatu saa kumi na mbili jioni namkumbuka mdudu huyo kwa huruma kidogo.

Kama Uvarov alikuwa sahihi, basi makundi hayatoki mbinguni. Yana mahali pa kuzaliwa. Kuna sehemu ambako, mvua ikinyesha, wadudu wachache waliotawanyika huzaana, na nyasi zikianza kukauka hukusanyika kwenye kijani kilichobaki, hugusana, na hapo ndipo balaa huanza. Zitafutwe sehemu hizo, zilindwe, na dunia itapumzika. Ndiyo sababu Thesiger alipelekwa Dhofar: kuangalia kama mafuriko yanayotoka milimani na kupotea ndani ya Robo Tupu yanaweza kuotesha mimea ya kutosha kulea nzige.

Thesiger mwenyewe hakuficha kwamba nzige hawakumvutia. Walikuwa ruhusa yake ya kuingia. Kati ya 1946 na 1948 alivuka mchanga huo mara mbili kwa ngamia, pamoja na vijana wa kabila la Rashid, Salim bin Kabina na Salim bin Ghabaisha, ambao bila wao angekufa katika wiki ya kwanza. Kitabu chake Arabian Sands kilichotoka mwaka 1959 kimemfanya mtu wa hadithi: njaa, kiu, heshima ya jangwani, Mwingereza aliyechukia magari. Nilikisoma nikakipenda, nikakasirishwa nacho vilevile, kwa jinsi kinavyotaka Mabedui wabaki walivyo ili yeye apate kuwapenda. Lakini jambo linalonishangaza zaidi ni kwamba wasomaji wake wanakumbuka ngamia na wanasahau swali. Alitumwa na swali: ikinyesha huku, nini kitatokea?

Jibu kamili lilikuja 2018.

Nzige wa jangwani hutaga mayai kwenye mchanga wenye unyevu. Jike hushusha tumbo lake ndani, sentimita kumi hivi, na kuacha fuko la mayai ambalo laweza kuwa na themanini au zaidi. Mchanga ukiwa mkavu hapati pa kutagia, na hata akitaga, tunutu watakaoanguliwa hawatakuta jani la kula. Kwa hiyo miaka mingi Robo Tupu huwa na nzige wachache tu, hapa mmoja, pale mmoja, na hakuna kinachotokea. Mekunu ilibadilisha hesabu. Mvua ile ilitosha kuweka mimea hai kwa karibu miezi sita, muda wa vizazi viwili. Wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, wanakadiria kwamba hali ikiwa nzuri kila kizazi huongezeka mara 20 katika miezi mitatu. Vizazi viwili ni mara 400.

Mambo yangeishia hapo. Kufika Novemba mimea ingekauka, na sehemu kubwa ya wadudu hao ingekufa au kutawanyika. Lakini tarehe 14 Oktoba 2018 kimbunga kingine, Luban, kilitua Mahra, mashariki mwa Yemen, jirani kabisa na Dhofar, na mvua yake ikafika mchanga ule ule.

Vimbunga vya Bahari ya Arabu vina misimu miwili: Mei na Juni, kabla kusi haijashika kasi, na Oktoba na Novemba, baada ya kutulia. Katikati, upepo wa chini na wa juu hupishana kwa nguvu kiasi kwamba wingu la kimbunga hukatwakatwa kabla halijasimama. Mahali pamoja kupigwa na misimu yote miwili katika mwaka mmoja ni nadra. Mwaka 2018 ilitokea. Kizazi cha tatu kikapata malisho. Mara 20, mara 20, mara 20: katika miezi tisa hivi, elfu nane.

Mtu aliyeona hayakuwepo. Keith Cressman, ambaye wakati huo alikuwa mtabiri mkuu wa nzige wa FAO, alieleza baadaye kwamba vizazi vyote vitatu vilizaliana bila kugunduliwa. Nilidhani mwanzoni kwamba huo ni uzembe wa mtu fulani, nikatafuta mtu wa kumlaumu. Kadiri nilivyosoma, lawama ilikosa pa kutua. Mfumo wa kuwalinda nzige unategemea watu wenye gari la matairi manne wanaokwenda porini, wanashuka, wanatembea mita mia kadhaa na kuhesabu wadudu wanaoruka mbele yao. Setilaiti zinaweza kuonyesha mvua na ukijani, lakini nyasi chache za jangwani, zilizo mbalimbali, mara nyingi hazionekani vizuri kutoka juu, na nzige wenyewe hawaonekani kabisa. Upande wa Oman na Saudia kuna timu, lakini mchanga uliogeuka maziwa haupitiki. Upande wa Yemen kulikuwa na vita tangu 2015 na kabla, na idara iliyowahi kuwa miongoni mwa zile zenye uzoefu ilikuwa imebaki na watu wachache, magari machache na nchi iliyokatwa vipande. Mabedui waliokuwa wanaulizana mvua imenyesha wapi wengi wamehamia mijini, tangu mafuta yalipoanza kulipa. Kwa maana hiyo Robo Tupu ya 2018 ilikuwa tupu kuliko ile ya 1946.

Januari 2019 makundi yalianza kutoka. Mengine yalielekea kaskazini, Saudi Arabia, kisha yakavuka Ghuba hadi kusini mwa Iran, ambako yalipigwa dawa kwa bidii. Mengine yalishuka Yemen, na huko hayakupigwa kwa kiasi cha kutosha. Wayemeni waliwala, kama walivyowala siku zote, wakawauza sokoni kwa mifuko. Mvua za 2019 zilinyesha vizuri Yemen pia. Kati ya mwaka, makundi yalivuka bahari nyembamba kati ya Arabuni na Pembe ya Afrika, yakaingia Ethiopia na Somalia.

Hapa ndipo hadithi inapoanza kwa watu wetu wengi, na ndiyo maana huwa inasimuliwa vibaya.

Vuli ya 2019 wengi tunaikumbuka. Upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, upande wetu, maji yalikuwa na joto lisilo la kawaida, na ule wa mashariki ulikuwa baridi. Ilikuwa miongoni mwa tofauti kubwa zaidi kuwahi kupimwa. Australia iliungua. Kwetu ilinyesha kuanzia Oktoba hadi Desemba, na mpaka Januari. West Pokot, Novemba, mlima uliporomokea nyumba usiku na kuua makumi ya watu. Katika habari mbaya hizo kulikuwa na upande mmoja ambao haukutangazwa sana: kaskazini mwa Kenya, nchi ya ukame, ilikuwa na malisho ambayo wafugaji hawakuwa wameyaona kwa miaka. Ng'ombe walinenepa. Maziwa yalikuwepo. Bahari ya Arabu iliendelea kuzalisha vimbunga, na tarehe 7 Desemba kimoja, Pawan, kiliingia Somalia kikalowesha mchanga ambao nzige walikuwa wanautafuta.

Tarehe 28 Desemba 2019 makundi ya kwanza yaliingia Mandera. Kutoka Salalah hadi Mandera ni karibu kilomita 2,000 kwa mstari ulionyooka, na kutoka usiku ule wa Mekunu ilikuwa miezi 19. Wadudu walioingia hawakuwa wale wale. Walikuwa vitukuu vya vitukuu vyao.

Kundi la kilomita moja ya mraba linaweza kuwa na nzige milioni 40 hadi 80, na kwa siku moja hula chakula ambacho kingewatosha watu 35,000. Kundi moja lililopimwa kaskazini mashariki mwa Kenya lilikuwa na urefu wa kilomita 60 na upana wa kilomita 40. Nimejaribu kuifikiria namba hiyo kwa kuiweka juu ya miji ninayoijua na nikashindwa. Kundi hilo lingeufunika mji wa Nairobi mara tatu na kubakiza nafasi. FAO ilisema Kenya haikuwa imeona kitu kama hicho kwa miaka 70. Februari nzige walifika Uganda, ambako wanajeshi walipewa mabomba ya mkono, na baadaye mwezi huo wakaonekana ukingoni mwa Ziwa Albert, Kongo, kwa mara ya kwanza tangu 1944.

Watu walipiga mabati, walipuliza filimbi, waliwasha moshi. Mbinu hizo huhamishia nzige kwa jirani, na kila mtu alilijua hilo, lakini mtu aliyesimama kwenye mtama wake hawezi kuambiwa asipige bati. Wazee wengi Afrika Mashariki walikuwa wamezoea kuhesabu umri kwa matukio, mwaka wa njaa fulani, mwaka wa nzige, na ghafla vijana waliodhani hayo ni mambo ya kwenye kitabu cha Kutoka walikuwa wanarekodi video. Mitandaoni kulikuwa na maelezo matatu. Ni adhabu ya Mungu. Ni uzembe wa serikali. Wametoka Somalia. La kwanza siwezi kubishana nalo. La pili lina ukweli wake: Shirika la Kudhibiti Nzige wa Jangwani Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1962 kwa kazi hiyo hiyo, lilikuwa na ndege chache na nchi wanachama zilizolimbikiza madeni ya michango, kwa sababu ni vigumu bungeni kutetea bajeti ya mdudu ambaye hajaonekana tangu babu yako akiwa kijana. La tatu ndilo lililoniudhi. Somalia ilikuwa imetangaza hali ya dharura na mashamba yake yalikuwa yanaliwa. Ilikuwa njia tu.

Katika kaunti zilizopigwa mapema, Januari 2020, ilikuwemo Samburu. Nilipoona jina hilo kwenye ramani za wiki zile nilisimama, kwa sababu nilikuwa nalijua kutoka sehemu nyingine ya hadithi. Thesiger, baada ya Arabuni kumfungia milango na mafuta kuifungua kwa wengine, alikuja kaskazini mwa Kenya miaka ya 1960. Alitembea na ngamia hadi Ziwa Turkana. Mwishowe alikaa na Wasamburu, Maralal, miaka mingi, mpaka uzee ulipomrudisha Uingereza katikati ya miaka ya 1990. Alifariki 2003. Mtu aliyelipwa kuchunguza kama Robo Tupu inaweza kuzaa nzige aliishi uzeeni katika nchi ambayo nzige wa Robo Tupu wangeifikia, naye akakosa miaka kumi na sita tu kuwaona. Sidhani kuna maana yoyote ya siri hapo. Ni njia za zamani tu, na upepo unazijua vizuri kuliko watu.

Kisha Machi 2020 ikaja korona. Ndege za mizigo zikasimama, dawa zikachelewa bandarini na viwanjani, na nzige wakatoka kwenye vichwa vya habari wakati kizazi kipya kilikuwa kinaanguliwa Turkana na Marsabit. Kazi iliendelea hivyo hivyo: ndege ndogo zilinyunyiza alfajiri nzige wakiwa bado wamelala mitini, vijana walikwenda na simu zenye programu ya kutuma mahali kundi lilipo, wafugaji waliotafuta vilima kwa ajili ya ngamia wakawa ndio wanaotoa habari bora kuliko za setilaiti. Hapo, angalau, kazi ya zamani ya kuulizana habari ilirudi kuwa na thamani.

Makundi yalianza kupungua mwaka 2021. Dawa zilisaidia sana, na sitaki kuwadharau waliozinyunyiza. Lakini mvua nazo zilikata. Vuli ya 2020 ilikuwa haba, masika ya 2021 haba, na ikaendelea hivyo, misimu mitano mfululizo, mpaka mapema 2023. Mchanga ulikauka na jike hakupata pa kutagia. Ukame huo huo ukaua mifugo kwa mamilioni katika Pembe ya Afrika, na Samburu, Marsabit na Mandera mizoga ilipangana kando ya barabara zile zile ambako miaka miwili kabla watu walikuwa wanafukuza nzige kutoka kwenye nyasi za kimo cha goti. Mfugaji wa huko ameishi hayo yote kabla mtoto wake hajamaliza darasa la nne: nyasi nyingi kupita kiasi, wadudu, kisha bila nyasi kabisa.

Oktoba 2023 kimbunga kingine, Tej, kilitua Mahra, si mbali na mahali Luban ilipopita miaka mitano kabla. Nikaanza kufungua jarida la nzige la FAO kila mwezi, kama wengine wanavyofungua msimamo wa ligi. Safari hiyo balaa halikufuata. Tetesi hazikugeuka makundi ya kuvuka bahari. Lakini nilijifunza kulisoma jarida hilo. Limepangwa kwa nchi, na nyingi huwa na mstari mmoja. Kuna mstari unaosema kwamba timu zilikwenda na nzige hawakuonekana. Na kuna mstari mwingine, mfupi zaidi, unaosema kwamba hakuna ripoti iliyopokelewa. Wa kwanza siku hizi naupita haraka. Wa pili nikiukuta, natafuta nchi hiyo kwenye ramani ya mvua.